Nionyeshe Kwanza: Maneno kwa Wenye Steshenari na Mafundi wa Kompyuta wa Dodoma

Ndugu mwenyekiti, wakubwa zangu, kaka na dada zangu mafundi, mbukwenyi!

Najua Jumamosi asubuhi kwa mwenye steshenari ni siku ya hela. Ndiyo siku mtumishi wa wizarani anapata nafasi ya kutoka na vyeti vyake kuja kutoa kopi, na ndiyo siku mwanafunzi anateremka mjini kuchapa kazi yake. Mmefunga maduka mkaja, kwa hiyo sitawachosha na utangulizi mrefu. Nimeombwa niseme juu ya kupiga Windows, yaani kuiweka upya kwenye kompyuta. Wengi wenu tangu Oktoba 2025 mmekuwa mkinipigia simu kwa swali lile lile, kwamba kompyuta inaleta ujumbe kuwa muda wake umekwisha, je, tufanyeje? Nitafika huko. Naomba kwanza nianze na mama mmoja.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili kwenye ufundi. Nilikuwa na meza kwenye kibaraza cha duka karibu na Soko la Majengo. Akaja mama wa makamo kutoka Kikuyu, hapa hapa Dodoma, laptopu yake ameiweka ndani ya kikapu cha ukindu, ameifunika kanga. "Mwanangu, imekuwa nzito. Wameniambia uipige Windows." Nikamuuliza swali ambalo kila fundi humu ndani huuliza: "Mama, vitu vyako umevihifadhi?" Akajibu, "Ndiyo mwanangu, vyote nimehifadhi." Nikachomeka flashi, nikafomati diski, nikapiga Windows, nikaweka na programu zote. Baada ya saa mbili nikamkabidhi inaruka kama mpya.

Akaiwasha pale pale. Akatazama kioo kitambo, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini: "Na vile nilivyovihifadhi hapa mbele viko wapi?"

Hapa mbele ni deskitopu. Kwake yeye, kuhifadhi ni kubonyeza ile alama ya kuhifadhi ukimaliza kuandika, na faili ukaliona limekaa pale mbele. Alinijibu kweli tupu. Swali langu ndilo lilikuwa bovu. Fundi anajua kwamba deskitopu iko ndani ya diski C, ile sehemu ya diski inapokaa Windows, na ukifuta diski C umeifuta nayo. Mwenye kompyuta hana sababu ya kulijua hilo, kama mimi nisivyo na sababu ya kujua cherehani inashonaje.

Yule mama alikuwa mweka hazina wa kikoba. Kilichokuwa pale mbele ni hesabu za wanachama wote: hisa, mikopo, marejesho, faini, mfuko wa jamii. Nilihangaika siku mbili na programu za kurejesha faili, nikapata vipande visivyofunguka. Windows mpya inapojiandika kwenye diski inakalia pale pale faili za zamani zilipokuwa. Na ile ilikuwa diski ya zamani ya kuzunguka, yenye nafuu kidogo. Siku hizi tunafunga SSD, zile diski mpya zisizozunguka, na SSD hupewa amri ya kusafisha nafasi zilizofutwa ili iendelee kuwa nyepesi. Ukishafomati, kwa kawaida hakuna cha kurejesha.

Kilichotuokoa ni vitabu vidogo vya wanachama, vile vinavyogongwa muhuri kila hisa inaponunuliwa. Tulikaa Jumapili tatu nyumbani kwake, mwanachama mmoja mmoja anakuja na kitabu chake, mama anasoma, mimi naingiza. Hakunifokea hata mara moja. Aliniambia tu, "Mwanangu, mali bila daftari hupotea bila habari," akaendelea kusoma namba. Katika kazi hii sijawahi kuona aibu kama ile.

Tangu siku hiyo siulizi tena kama mtu amehifadhi vitu vyake. Namwambia, "Naomba unionyeshe kazi ya mwisho uliyoifanya humu." Anaifungua. Natazama imekaa folda gani. Kisha namwambia anionyeshe picha zake, anionyeshe anakofanyia hesabu, anionyeshe tovuti anazoingia kila siku. Inachukua dakika kumi na tano. Kwa njia hiyo nimekuta faili za skana zikiwa kwenye folda ambayo mwenyewe hajawahi kuifungua, kwa sababu programu ya skana ndiyo iliyoichagua. Nimekuta hesabu za duka za QuickBooks, ambazo kwa kawaida hukaa kwenye folda ya pamoja ya watumiaji wote wa kompyuta, kwa hiyo ukinakili folda yenye jina la mwenye mashine peke yake umeziacha. Nimekuta nywila ya akaunti ya kodi inayojulikana na kivinjari tu; kivinjari kikifutwa, mtu hawezi kuingia mwenyewe kwenye akaunti yake. Yote haya hayatokei kwenye jibu la "ndiyo, nimehifadhi".

Ndugu zangu wenye maduka, nanyi mna sehemu yenu. Usimwachie fundi kompyuta mlangoni ukaenda zako. Kaa naye hizo dakika kumi na tano. Na nakala ya kazi yako iwe mahali pengine kabla bisibisi haijagusa mashine: moja kwenye diski ya nje, moja kwenye akaunti ya mtandaoni kama bando linaruhusu. Nakala iliyo kwenye diski ile ile, hata ukiiweka D badala ya C, diski ikifa inakufa nayo. Ukimaliza kunakili, fungua faili mbili tatu kutoka kwenye hiyo nakala uone kama zinafunguka. Yule mama wa Kikuyu bado ni mweka hazina, na kila baada ya kikao huchapa ukurasa wa jumla akaufunga kwenye faili la karatasi. Sijawahi kumwambia kwamba karatasi imepitwa na wakati.

Jambo la pili ni hili neno lenyewe, kupiga Windows. Hapa Dodoma tumeligeuza mwarobaini. Kompyuta nzito, piga Windows. Inazima yenyewe, piga Windows. Printa haichapi, piga Windows. Mnaijua kiangazi yetu, kuanzia Mei mpaka mvua za Desemba: upepo na vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Vumbi hilo hilo linajaa kwenye feni. Feni ikiziba, prosesa, ule ubongo wa mashine, inapata joto, na prosesa ikipata joto hupunguza mwendo wake makusudi ili isiungue. Hiyo ni kompyuta nzito ambayo dawa yake ni brashi, kipuliza hewa na pesti mpya ya prosesa. Nimefungua kompyuta ya mezani ya steshenari moja, feni ilikuwa haionekani kwa vumbi, na mwenyewe alikuwa ameshalipia kupigiwa Windows mara tatu ndani ya mwaka.

Baya zaidi ni diski inayokufa. Dalili zake ni uzito, faili zinazogoma kufunguka, mashine kuganda ukibonyeza kitu. Fundi asiyepima anapiga Windows juu ya diski hiyo, na kule kuandika gigabaiti ishirini kwa mkupuo kunaimalizia. Ipo programu ya bure, CrystalDiskInfo, inayosoma taarifa ambazo diski yenyewe huweka juu ya afya yake. Dakika moja tu. Ikiandika rangi nyekundu au njano, acha kila kitu, nakili data kwanza, badilisha diski. Nawasihi mafundi wenzangu, tupime kabla ya kutibu.

Tena, hata pale inapobidi kugusa mfumo endeshi, yaani Windows yenyewe, kufuta kila kitu si lazima. Wazee wetu wa Kigogo tembe, ile nyumba ya paa la udongo, ikivuja hawakuibomoa. Walipanda juu kabla ya mvua, wakaongeza udongo, wakaushindilia. Kubomoa kulikuja pale miti ya ndani imeliwa na mchwa. Windows nayo ina ngazi zake. Unaweza kuipandisha toleo, mafaili na programu vikabaki, na ya zamani ikawekwa kwenye folda iitwayo Windows.old, ukiwa na siku kumi za kurudi nyuma kama hukuipenda. Unaweza kuianzisha upya ukaiambia itunze mafaili, ikafuta programu peke yake. Hizi mbili bado zinataka nakala ya kazi, maana umeme ukikatika katikati hakuna ajuaye itasimama wapi. Kufuta diski yote ni ngazi ya mwisho: kirusi kilichokita mizizi, au mashine uliyonunua kwa mtu usiyemjua.

Sasa tuje kwenye Oktoba. Tarehe 14 Oktoba 2025, siku tuliyokuwa mapumziko tunamkumbuka Mwalimu Nyerere, Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10, iliyotoka Julai 2015. Kompyuta hazikuzimika. Asubuhi ya tarehe 15 ziliwaka kama jana yake, na ndiyo maana wengi wakasema yale yalikuwa maneno ya kutisha watu ili wanunue mpya. Kilichokatika ni masasisho ya usalama ya kila mwezi.

Niwaambie kwa nini mimi nayajali hayo masasisho. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja kwenye namna Windows zinavyopeana mafaili ndani ya mtandao. Miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei, kirusi kilichoitwa WannaCry kikapita kwenye tundu hilo hilo. Kilifunga mafaili ya watu na kudai malipo, kikaingia kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zaidi ya 150. Hospitali za umma za Uingereza ziliahirisha wagonjwa. Dawa ilikuwepo tangu Machi. Wengi walioumia ni wale ambao hawakuiweka, na wenye Windows za zamani ambazo hazikuwa zinapewa dawa tena walikuwa na tundu hilo hilo wazi. Na kile kirusi hakikuhitaji mtu abonyeze kitu. Kilitoka kompyuta hadi kompyuta kupitia mtandao wa ndani, kama ule mnaounganishia mashine nne na printa moja dukani.

Basi tufanye nini? Kwanza jua una mashine gani. Windows 11, iliyofuata baada ya 10, inataka RAM ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 64, hayo yapo kwenye nyingi. Kinachokwamisha ni vitu viwili: kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na umri wa prosesa. Kwa Intel, kwa ujumla ni kizazi cha nane kuendelea. Namna ya kukijua kizazi ni rahisi, na ningependa kila anayekwenda kununua laptopu ya mtumba aishike. Soma namba ya prosesa. Ikiandikwa i5-6300U, ile 6 ya mwanzo ni kizazi cha sita. Ikiwa i5-8350U, ni cha nane. HP EliteBook 840 G3 zilizojaa madukani ni kizazi cha sita. G5 kwa kawaida ni cha nane, ila baadhi zilitoka na cha saba, kwa hiyo soma namba, usisome jina la laptopu. Kwa macho zinafanana, na muuzaji anaweza asikwambie. Tofauti yake ni miaka utakayoitumia.

TPM usiihukumu haraka. Mara nyingi ipo, imezimwa tu. Ingia kwenye bayosi, ile programu ndogo inayoamsha mashine kabla ya Windows; kwenye mashine za Intel inaweza kuitwa PTT, kwenye za AMD fTPM, iwashe. Nimewahi kuletewa mashine tano za ofisi moja zilizoambiwa hazifai, na tatu kati yake zilihitaji kuwashwa hicho kitu tu.

Kwa mashine isiyofaa, mtu binafsi anaweza kujiandikisha kupata masasisho ya ziada ya Windows 10 mpaka Oktoba 2026. Inabidi iwe toleo la 22H2, na uingie kwa akaunti ya Microsoft. Ukikubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo hulipi kitu. Usipotaka, kuna njia ya dola 30. Taasisi zina bei yao, dola 61 kwa kompyuta moja mwaka wa kwanza, na kila mwaka unaofuata bei inazidishwa mara mbili. Huo ni muda wa kupumua tu, wa kudunduliza kidogo kidogo kwa ajili ya mashine nyingine.

Wapo mafundi wanaotumia programu ya Rufus kutengeneza flashi inayoruka ukaguzi, Windows 11 ikaingia kwenye mashine ya kizazi cha nne. Inafanya kazi, sitawaficha. Lakini Microsoft imesema mashine hizo hazina haki ya kupata masasisho, na toleo jipya la kila mwaka mara nyingi inabidi ulipeleke kwa mkono. Ukimfanyia mteja, mwambie. Mwandikie kwenye risiti. Kosa ni kumkabidhi mtu akidhani amemaliza, kumbe ana miadi ya kila mwaka na wewe asiyoijua.

Hapa naomba mnivumilie, maana jambo linalofuata linaniuma kuliko mengine. Ni hizi programu za kufungulia Windows bila leseni. Fundi anafika, kitu cha kwanza anazima kinga ya virusi, kwa sababu ikiwa hai itaifuta ile programu. Kisha anaiendesha kwa mamlaka yote ya mwenye mashine, programu aliyoipata kwa rafiki aliyeipata kwenye kundi la simu. Halafu anaondoka, na mara nyingi kinga anaiacha imezimwa. Fikiria ni mashine ya nani hiyo. Ni ya steshenari. Humo kuna picha za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne, mikataba ya ajira, nywila za watoto walioomba mkopo wa elimu ya juu. Tumeufungua mlango wa nyuma wa nyumba iliyojaa mali za watu, ili kuokoa pesa ya leseni.

Na mara nyingi hata haikuhitajika! Tangu enzi za Windows 8, watengenezaji wengi huiandika leseni ndani ya mazabodi yenyewe, ule ubao mkuu wa mashine. Zile EliteBook, Latitude na ThinkPad zilizotoka kwenye maofisi ya Ulaya, nyingi zimekuja na leseni halali ya Pro. Ukipiga Windows ya aina ile ile, yaani Pro kwa Pro, Home kwa Home, ukaiunganisha na intaneti, inajitambua yenyewe bila kuulizwa namba. Nimeona mashine zenye leseni halali zimepigwa Enterprise, ile Windows ya mashirika makubwa, ya kufoji kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye flashi ya fundi. Mteja alikuwa na mali yake, tukaifunika kwa ya wizi. Mafundi wadogo zangu, kabla ya yote angalieni kwenye mipangilio mashine iliingia na aina gani. Na Windows ipakueni Microsoft kwenyewe. Ni bure, flashi ya gigabaiti 8 inatosha, na ukishaipakua mara moja unaitumia duka zima.

Kuna sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika Mei 2023. Inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu azilinde, na azitumie kwa lile lililomfanya azipokee. Mteja alikuachia cheti ukiskani na kumtumia. Hakukuachia kikae kwenye folda yako miaka sita. Jengeni tabia ya kufuta kila jioni. Na siku mnapouza kompyuta ya zamani, ile fomati ya haraka kwenye diski ya kuzunguka haifuti kitu, inaondoa orodha tu, na mwenye programu ya kurejesha atayaona yote. Kwenye ile njia ya kuianzisha Windows upya kuna chaguo la kusafisha diski kabisa. Inachukua saa kadhaa, iacheni ifanye usiku.

Kitu kimoja tena, kwa sababu kimeanza kuwaumiza wanafunzi. Mwaka jana alikuja kijana wa mwaka wa tatu, amesimama mlangoni kwangu saa moja asubuhi kabla sijafungua. Laptopu yake ilifanya masasisho ya bayosi usiku, ikaamka na kioo cha buluu kinachodai namba ya tarakimu 48. Hiyo ni BitLocker, kufuli la diski la Windows. Windows 11 za sasa, hasa kuanzia toleo la 24H2 la Oktoba 2024, ukizipiga upya ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, mashine nyingi zinafunga diski kwa siri bila kukuuliza. Ni kinga nzuri: mwizi akichomoa diski hasomi kitu. Namba ya kufungulia inatunzwa kwenye akaunti hiyo, na mwenye akaunti anaweza kuisoma hata kwa simu.

Nikamwambia ingia kwenye akaunti yako. Akaniambia, "Akaunti gani, kaka?" Laptopu aliinunua imeshawashwa dukani. Kijana wa duka, ili amrahisishie, aliingiza barua pepe yake mwenyewe. Huyo wa duka alikuwa ameacha kazi, simu haipatikani. Sura tatu za kwanza za utafiti wake mwanafunzi alikuwa ameshamtumia msimamizi kwa barua pepe, zikapona. Sura ya nne, na madodoso yote aliyokusanya vijijini Bahi, yamo humo mpaka leo. Hayajafutika, na hakuna fundi anayeweza kuyasoma. Nilimrudishia laptopu yake bila kumtoza, akaiweka kwenye begi, akanishukuru. Nilibaki nimekaa muda mrefu.

Kwa hiyo wenye maduka mnaouza kompyuta, nawaomba kwa dhati: msimfungulie mteja mashine kwa akaunti yenu. Mkalisheni, afungue kwa barua pepe yake, na ile namba ya tarakimu 48 aiandike kwenye karatasi aipeleke nyumbani ikakae na vyeti vyake. Mafundi, kabla ya kugusa bayosi au kubadilisha mazabodi, angalieni kama BitLocker imewashwa, isimamisheni kwanza.

Juu ya Linux, mfumo endeshi huria unaoweza kukaa mahali pa Windows, nitasema kwa ufupi, maana naona wengine wameinua mikono tangu mapema. Ndiyo, mashine ya kizazi cha nne au cha sita inaweza kuishi miaka mingine kwa Linux Mint au Ubuntu, bila leseni ya kulipia, na masasisho ya miaka mitano kwa toleo la muda mrefu. Si jambo geni kwetu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, kwenye msingi huo huo wa programu huria. Kwa steshenari ushauri wangu ni kuiweka kwenye mashine ya pili, ile ya kujazia fomu mtandaoni na kuskani. Mashine ya kuchapa wasifu wa wateja iacheni Windows, kwa sababu faili la Word lililopangwa kwa herufi za Microsoft likifunguliwa kwenye LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Linux, mistari inaweza kuhama, na mteja anayewahi usaili hana muda wa kuelewa ni kwa nini. Hakikisheni pia printa yenu inakubali. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski.

Na bando: kwenye mipangilio ya masasisho kuna mahali pa kuruhusu kompyuta zipeane masasisho ndani ya mtandao wa duka. Washeni. Moja ikishapakua, nyingine zinachukua kwake.

Nimekuja na flashi nne. Mbili zina Windows 11 niliyoipakua wiki hii kutoka Microsoft, moja ina Linux Mint, na moja ina vile vipimo vya diski. Ziko mezani hapa, nakilini. Naona pia wengine mmekuja na mashine zenu kama tulivyokubaliana, na kuna umeme wa akiba hapa ukumbini. Tuanze na laptopu ya mama pale mstari wa mbele. Karibu mama, iweke hapa. Kabla sijaigusa, naomba unionyeshe kazi ya mwisho uliyoifanya humu.